Ndiyo ya Kumkaribisha Mgeni

Nyuma ya lile jumba kulikuwa na banda la farasi la zamani, na ndani ya banda hilo ndimo tulimokuwa tukiwalilia watu wetu. Kanisa tulikuwa nalo kwingine, kwenye jengo la kukodi lenye baridi ya kutosha. Banda lilikuwa la matanga. Mtu akifiwa hapa Birmingham, awe Mkenya au Mkongomani, jioni hiyohiyo mlango ulifunguliwa, birika zikawashwa, na kila aliyetoka kazini alipitia pale kabla ya kwenda kwake. Utaniuliza kwa nini si nyumbani kwa mfiwa. Njoo uone nyumba tunazopanga. Sebule yangu ya Alum Rock ikiingiza wageni sita, wa saba anakaa kwenye ngazi.

Jumba lenyewe lilijengwa na tajiri aliyekuwa na mashamba ya miwa huko visiwa vya Karibiani, na watumwa wa kuyalima. Yeye alikaa huku huku, akaletewa faida. Ndiyo maana watu waliliita jumba la mashamba, ingawa hakuna muwa hata mmoja uliowahi kuota karibu nalo. Sisi tulilikuta madirisha yamepigiliwa mbao, paa linavuja, na wapangaji ni njiwa. Shirika dogo lililokuwa likilisimamia lilituachia banda kwa kodi ndogo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Tukalipaka rangi, tukaweka sinki, tukang'oa mazulia yaliyooza. Wanaume wa Kikongomani ndio waliofanya kazi kubwa, na waliifanya wakiwa wamevaa suti, maana hao ndugu zetu hata takataka hawatoi nje bila kupiga pasi shati.

Naandika haya nikiwa nimechoka, na sitajifanya vingine. Nimetunza wazee wa nchi hii muda mrefu mpaka magoti yangu yamekuwa kama ya kwao. Nikisikia mtu anataja pesa za umma, nashika kichwa kwanza. Kule ninakofanya kazi lifti inaharibika kila mara, wazee wanakaa juu kama kuku kwenye dari, na tukiuliza tunaambiwa hakuna pesa. Halafu Jumapili moja mchungaji akatangaza kwamba jumba la mashamba linaombewa pesa za umma ili lirudishiwe hadhi yake, na kwamba mgeni atakuja kutaka maoni yetu.

Baada ya ibada watu walibishana kwenye chai. Kijana mmoja mwanafunzi, Mkenya, alisema liachwe lianguke, tena akipewa nyundo yeye atasaidia. Kwamba nyumba ya mtu aliyenunua watu kama mbuzi inatafutiwa paa, na watu wenyewe tunakaa na ukungu ukutani, lini mambo kama hayo yaliwahi kuwa na maana? Mama mmoja akamjibu kwamba nyumba haina dhambi, mwenye dhambi alishakufa. Mimi nilimaliza chai yangu. Nilikuwa nimetoka shifti, nilitaka kwenda kulala. Lakini moyoni nilikuwa upande wa kijana.

Mgeni alikuwa binti wa Kiingereza, mpole, sauti ya chini. Alikuja na mbao kubwa zenye picha na maswali, na karatasi za vibandiko vya kijani. Ukikubali jambo, unabandika. Tukampa kiti cha mbele. Kwaya ikamwimbia. Akapewa pilau na kuku, na akina mama wa Kongo wakamwekea sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, naye akala mpaka akaomba aongezwe. Hapo alituteka. Mtu anayekula chakula chako hivyo utamwambia nini?

Akauliza kama tungependa jumba litengenezwe. Ndiyo. Kama tungependa habari za watumwa waliolima yale mashamba zisimuliwe pale. Ndiyo, kabisa. Kama tungependa majengo ya nyuma yafanywe mahali pa maonyesho na mkahawa mdogo. Ndiyo. Watu walibandika vibandiko mpaka ubao ukawa kijani kama kabichi. Mama mmoja alibandika viwili, akisema cha pili ni cha mumewe aliye kazini. Na majengo ya nyuma tuliyajua. Hakuna aliyekuwa amelala. Jengo la nyuma lilikuwa moja tu, na sinki yetu imo ndani.

Hapa lazima nieleze, maana hata watoto wetu waliozaliwa huku hawatuelewi. Mgeni aliyekuja kwako mara ya kwanza haambiwi hapana. Anakaribishwa, analishwa, anakubaliwa. Jambo lenyewe linazungumzwa baadaye. Watu wazima wachache wanachaguliwa, wanamwendea kwake wakiwa na kitu mkononi, na huko ndiko hapana inakosemwa, taratibu, mtu asiaibike mbele ya watu. Hata posa inakataliwa hivyo. Baba hamfukuzi mchumba na soda yake mkononi. Wakenya, Watanzania, Wakongomani, tunabishana mambo mengi pale kanisani, lakini hilo hakuna aliyehitaji kumfundisha mwenzake.

Tukiwa garini binti yangu aliniambia kwa Kiingereza kwamba tumejipigia kura wenyewe tutolewe. Nikamwambia afunge mkanda anyamaze. Nilimwona mtoto asiye na adabu.

Tulichagua watu watatu: mchungaji, mimi kwa sababu Kiingereza changu kimezoea ofisi, na mzee mmoja Mkongomani ambaye sote tulimwita Papa, kama wanavyosema kwao. Papa ndiye aliyekuwa akifungua banda na kulifunga. Mke wake alikuwa rafiki yangu wa karibu. Mimi namwita Dada na yeye ananiita Dada, na tumekula chungu kimoja tangu waje hapa kama wakimbizi. Tulikubaliana tukaseme hivi: jumba litengenezwe, Mungu awasaidie, lakini banda tuachiwe, au tupewe pengine pa kulilia kabla hatujatoka.

Hatukwenda wiki hiyo. Ukimfuata mgeni mgongoni unaonekana unamdai chakula chako. Tulingoja mpaka Pasaka ipite, kisha nikakaanga maandazi, tukaenda.

Yule binti alitupokea kwa furaha ya kweli. Alidhani tumeleta shukrani. Akala andazi, akasifu iliki, akatuambia tumekuja siku njema, kwa sababu pesa zimekubaliwa. Tena akasema kitu kilichonikaa kifuani mpaka leo. Alisema kati ya vikundi vyote vilivyoulizwa, hakuna kilichounga mkono kama sisi, na kwamba wenye mfuko walipoona jinsi watu wenye asili ya Afrika walivyolitaka jumba lile, mambo yalikwenda haraka.

Mchungaji akasema, "Mungu awabariki sana." Nikamtazama. Basi na yeye sasa alikuwa mgeni kwenye ofisi ya mwenyeji, na hapana ikamkwama kooni. Tungetoka pale na baraka zetu tu, bandani tungetoka kweli. Nikaweka kikombe chini nikasema, "Binti, tulikuja kusema hapana."

Akageuka rangi. "Lakini mlisema ndiyo," akasema. "Wote."

Papa akaniomba nitafsiri. Alizungumza akimwangalia binti, si mimi. "Mwambie ile ilikuwa ndiyo ya kumkaribisha," akasema. "Leo ndiyo tumekuja kuongea."

Nilitafsiri nilivyoweza. Sidhani kuna Kiingereza cha maneno hayo. Binti aliyasikiliza, nikaona anajaribu, machozi yakamlengalenga. Si mtu mbaya. Alisema muda wa maoni ulishapita na mkataba umeshatiwa saini na kwamba chumba kikiisha kutengenezwa kitakuwa kinakodishwa, tutakaribishwa kukodi kama wengine. Alisema angeulizia. Najua aliulizia, kwa sababu alinipigia simu baadaye kuniambia wamekataa. Maji yalishamwagika.

Njiani kurudi, kwenye basi, Papa alicheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema yule binti siku ya kwanza alimuuliza kama historia ya jumba lile ni ya mababu zake, naye akamjibu ndiyo. "Bale ba mashamba ya miwa balitoka ngambo ya magharibi," akasema. "Bababu yetu, baArabu balibapeleka upande ingine, kwa bahari yenu ya huko." Yaani wa kwao walipelekwa pwani ya mashariki, naye alimkubalia mpaka babu asiye wake. Mchungaji alicheka pia. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu ni nani mgonjwa kanisani.

Mgonjwa alikuwa Papa mwenyewe. Tulijua wakati wa kiangazi. Tumbo alilokuwa akisingizia pilipili likawa kansa, tena iliyokomaa. Wakati huo huo barua za kututaka tutoke bandani zilikuwa zimeshafika, na siku ya kurudisha banda ilikuwa imetajwa.

Sisi Wakenya tukifiwa tunaunda kamati kabla hata ya kulia. Mwenyekiti, mweka hazina, kikundi cha simu, tiketi. Maiti yetu inasafirishwa. Matanga ya hapa kwetu ni ya kuanzia tu, kilio chenyewe kiko nyumbani, na kaburi linachimbwa kwa baba. Dada na Papa hawakuwa na hilo. Kijiji chao kilichomwa, ndugu wametawanyika kwenye makambi ya nchi tatu. Wao wakizika hapa, wamezika. Na kwao mjane halii akiwa amekaa kwenye kochi akipokea mkono. Anakaa chini, wanawake wanakaa chini pamoja naye, wanaimba, yeye anamwambia marehemu yote aliyonayo, siku baada ya siku, mpaka yaishe. Asipofanya hivyo, wanasema, marehemu hajaondoka na mjane hajabaki. Nilikuwa nimeliona likifanyika pale bandani mara nyingi. Mwanzoni lilinitisha, sisi tumefundishwa kujikaza. Baadaye nikawaonea wivu.

Papa alilisema wazi, akiwa kitandani, mimi nikiwa nimempelekea uji. "Mimi sina kwetu kwa kurudishwa. Munililie pale."

Kisha Dada akanisindikiza mpaka mlangoni. Fleti yao ilikuwa Perry Barr, kwenye yale majengo mapya, yenye lifti inayofanya kazi na kamera kila kona. Alivuta mlango nyuma yake Papa asisikie. "Dada, Mungu anisamehe," akasema. "Ningependa atangulie, mbele bale batu bafunge pale." Alimaanisha kabla hawajafunga. Alinishika mkono na hakuniachia, kama vile alitaka nimkatalie.

Sikumkatalia. Nilirudi nyumbani na nikiwa naosha sufuria ya uji nikajikuta naomba kitu hicho hicho, kisha nikaona haya, nikaacha kuomba kabisa. Mtu mnayempenda, mnamhesabia siku mkitaka zipungue. Ni uchovu gani huo ambao mtu anaweza kumweleza mwenziwe? Nilimkasirikia yule tajiri wa miwa aliyekufa zamani, nikaukasirikia mfuko wa umma, nikatukasirikia sisi na pilau letu.

Papa hakuharakisha. Alikuwa mtu wa taratibu hata kwenye hilo. Banda lilirudishwa, uzio wa chuma ukawekwa, vyuma vya mafundi vikapanda mpaka juu ya paa. Nilikuwa nikipita na basi naviona. Yeye akaendelea kuishi, akanenepa kidogo hata, akaomba tumletee samaki wa kukaanga. Tukafurahi, na Dada alifurahi, namjua, lakini nilimwona akichungulia dirishani kama mtu aliyeachwa na gari.

Alifariki majira ya baridi, hospitalini, asubuhi, Dada akiwa amemshika mguu.

Matanga tukayaweka kwenye fleti, mahali pengine hapakuwepo. Watu walikuja wengi, kama ilivyotakiwa. Waliokosa nafasi wakasimama kwenye ujia, wengine kwenye ngazi, wengine chini kwenye maegesho, mvua inawanyeshea. Vijana walipitisha chai kwa lifti. Tukamkalisha Dada chini, tukakaa naye, magoti yamebanana, wimbo ukaanza. Haukumaliza ubeti wa pili. Mlango ukagongwa. Ni msimamizi wa jengo, na nyuma yake jirani mmoja amevaa nguo za kulalia na jua halijatua vizuri. Alikuwa na heshima, akasema anatupa pole, lakini kuna sheria za ujia na za moto na za kelele. Tukashusha sauti. Akarudi. Mara ya pili hakutupa pole. Tukaimba kwa kunong'ona, na wimbo wa kilio ukiunong'ona unakuwa kama kitu unachokiiba.

Kila mlango ulipogongwa, Dada aliinuka kwenda kuomba radhi. Mjane. Alikuwa anainuka, anajipangusa, anaomba radhi. Mwishowe hakukaa chini tena. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, macho makavu, akitusikiliza tunavyonong'ona. Tulizika siku yenye upepo, haraka, kwa sababu gari la maziko lingine lilikuwa linangoja nyuma.

Miezi ikapita. Nilikuwa nampitia nikitoka kazini. Alikuwa anakula, anaenda kanisani, anafanya kazi yake ya usafi. Nikimuuliza vipi, alinijibu jibu moja, kwamba bado hajalia. "Siyalia bado, Dada." Alilisema kama mtu anayekwambia bado hajamaliza dawa. Aliacha kuimba kwenye kwaya. Nguo za Papa alizipiga pasi kila wiki akazirudisha kabatini. Binti yangu, ambaye anasomea uuguzi, aliniambia aende kwa mshauri, nikampeleka. Mshauri alikuwa mtu mzuri, akampa kiti na kikaratasi cha kupangusia machozi. Dada alikirudisha kikiwa kimekunjwa vilevile.

Kisha jumba likafunguliwa. Yule binti alinipigia simu mwenyewe, akaniomba kwaya yetu ije iimbe. Alisema ingekuwa na maana kubwa, kwa sababu bila sisi pesa zisingepatikana. Hakusema kwa kejeli. Nilitaka kumwambia hapana, na safari hii nilijua isemwe papo hapo. Lakini mchungaji alishakubali.

Nilishangaa Dada aliposema na yeye anakuja.

Sitasema uongo, lilikuwa limependeza. Paa jipya, madirisha yanang'aa, bustani imefyekwa. Wakubwa walikuwepo, wamevaa makoti mazuri, wanakunywa kitu chenye mapovu. Wakatuongoza nyuma, bandani. Sikulijua. Kuta nyeupe, taa ndogo ndogo darini, picha za mitambo ya miwa nyuma ya kioo, na maneno makubwa ukutani kuhusu watu ambao hawakuliliwa na mtu. Pale tulipokuwa tukiweka sufuria palikuwa na meza ya keki. Tukajipanga. Wageni wakasimama mbele yetu, simu zimeinuliwa. Mtu akatoa hotuba, akashukuru mfuko, akashukuru jamii.

Kabla hatujaanza, Dada alitoka kwenye kundi la wageni alikokuwa amesimama. Alipita katikati yao akisema samahani, samahani. Alivua viatu. Akakaa chini kwenye sakafu ile mpya, katikati ya chumba, akanyoosha miguu, akafungua kitambaa kichwani.

Sisi wanawake tuliangaliana. Kiongozi wa kwaya alikuwa na karatasi ya nyimbo za furaha mkononi. Akaiweka kwenye meza ya keki. Kisha mama mkubwa kuliko wote akashuka chini polepole, akakaa ubavuni mwa Dada, na wengine wakafuata, na mimi nikashuka, magoti yakilia. Wimbo ukaanzishwa, ule ule uliokatwa Perry Barr, kwa sauti yake kamili.

Dada alilia. Alilia kwa kinywa wazi, akipiga sakafu kwa kiganja. Akamwita mumewe. Alimwambia habari za samahani zote alizoomba. Alimwambia nguo zake bado ziko, na kwamba alimtakia kufa mapema na Mungu alisikia akakataa, na amsamehe. "Papa, batu bamefika," akamwambia. "Bote bamefika. Hakuna mwenye kutufukuza." Nilimshika mgongo, nikausikia unavyotetemeka, na mimi nikalia, nikawalilia wazee wangu wote niliowafunga macho kwenye ile nyumba ya kazi na kukimbilia basi. Sijui ilichukua muda gani. Tuliimba mpaka akanyamaza mwenyewe, akajifuta na kitambaa, akapumua pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

Wakapiga makofi. Chumba kizima. Wengine walikuwa wanalia, mwanamke mmoja aliweka mkono kifuani. Nyuma kabisa nilimwona yule binti hapigi makofi, amejiziba mdomo, amekuwa mweupe kuliko kuta. Yeye alikuwa ameelewa.

Nilikuwa bado chini, nikitafuta pa kushika ili niinuke, mzee mmoja wa heshima alipoinama akanipa mkono. Alinishukuru. Alisema hajawahi kuona kitu kilichomgusa hivyo, na kwamba mke wake amechelewa kwenye foleni ya magari, angesikitika kukikosa. Akaniuliza kama kitarudiwa mchana, na saa ngapi.

Nikamwambia hakirudiwi. Mume wa Dada alikuwa mmoja.